Nahau za Daktari Frederick

Kaliza alikuwa na miaka ishirini na sita alipofanya kosa lililomfundisha kazi yake. Ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kigali, kwenye mkutano wa wafuga nyuki wa Afrika Mashariki, na yeye alikuwa ndani ya kibanda cha wakalimani kwa mara ya kwanza maishani. Mzungumzaji mmoja alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba chama chao kiliyumba baada ya mwenyekiti wa kwanza kuipiga ndoo teke. Kaliza akatafsiri vivyo hivyo, neno kwa neno, kwa Kiswahili safi alichokulia nacho Mwanza. Wajumbe waliokuwa wakimsikiliza wakatazamana. Mzee mmoja kutoka Singida akainua mkono, akauliza kwa heshima zote kama ndoo hiyo ilikuwa na asali ndani, na ni asali kiasi gani hata chama kizima kiyumbe.

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Wakati wa chai ndipo Kaliza alipoambiwa kwamba kwa Waingereza kuipiga ndoo teke ni kufa.

Mwingine angeacha kazi. Kaliza alirudi kwa mama yake, aliyeishi mtaa wa Kanombe hapo hapo Kigali, akalia kidogo, akanawa uso, kisha akaanza kuzisaka nahau za Kiingereza moja baada ya nyingine. Aligundua kwamba maana peke yake haikukaa kichwani. Kilichokaa ni chimbuko. Aliposoma kwamba wapo wanaosema ndoo ile haikuwa ndoo bali mti uliotumika kumning'inizia nguruwe wakati wa kumchinja, na kwamba mnyama akirusha miguu aliupiga ule mti, hakusahau tena. Akaanza kuziona nahau kama nyumba za watu wengine: ukipita barabarani unaona ukuta tu, ila ukikaribishwa ndani unaelewa kwa nini dirisha limewekwa pale.

Miaka minane ikapita. Sasa alikuwa mkalimani wa kliniki moja ndogo ya binafsi pale Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, ambako kila ndege ikishuka mazungumzo husimama kidogo hadi mlio upite. Meneja wa kliniki alikuwa Viateur, mtu wa Kigali tangu kuzaliwa, aliyependa kuongea na Kaliza kwa Kiswahili chake cha mjini.

"Wewe iko kama bomba, Kaliza," alimwambia siku ya kwanza. "Maji inaingia, maji inatoka. Hapana ongeza sukari, hapana ongeza chumvi. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

Na kwa miaka mitatu alikuwa bomba. Hakuongeza kitu.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa kumi, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alipoitwa kwenye chumba cha Daktari Frederick. Huyu alikuwa Mwingereza, bingwa wa maradhi ya ubongo, aliyekuja kufanya kazi pale kwa miezi sita. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kusimama kila mgonjwa anapoingia. Pembeni alikaa muuguzi Umuhoza, aliyekulia Kampala, ambaye Kiingereza alikijua vizuri lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

Mgonjwa aliitwa Gratien. Alikuwa Mrundi wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya uani na ya jikoni. Aliishi Kimisagara, hapo Kigali, na mke wake, Iteka, aliyekuwa ameketi nje kwenye benchi akiwa ameshika koti la mumewe. Kwa miaka kumi na moja Gratien alikuwa mwendesha kreni ya mnara. Majengo matatu marefu mjini yalikuwa yamepitia mikononi mwake, na alikuwa akiyaonyesha kwa kidole kama mtu anavyoonyesha watoto wake. Kisha, mwezi wa saba, pikipiki aliyopanda iliteleza pale Nyabugogo, akaangukia kichwa. Alilala siku nne bila kumtambua mtu. Alipozinduka alipona haraka, akaanza kutembea, akaanza kutania, lakini kampuni ilisema hapandi kreni mpaka daktari athibitishe kwamba akili yake iko sawa. Nani angewalaumu? Mtu anayening'iniza tani mbili za zege juu ya vichwa vya wenzake lazima awe mzima.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda vizuri. Gratien alizikumbuka namba alizosomewa, akazirudia kinyumenyume. Alichora saa na mishale yake. Alitembea juu ya mstari bila kuyumba, akagusa pua yake kwa kidole huku amefumba macho. Daktari aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akafungua ukurasa wa mwisho wa fomu.

"Sasa nitakusomea misemo," alisema, na Kaliza akatafsiri. "Niambie kila mmoja una maana gani."

Wa kwanza ulikuwa kuvunja barafu.

Gratien alifikiri. "Huyo atakuwa muuza samaki," alisema. "Barafu imeshikana kwenye sanduku, anaivunja ili samaki wapate kuingia. Miye nimewaona kule ziwani Rumonge, wanatumia nyundo."

Daktari akaandika sifuri.

Wa pili ulikuwa kumtoa paka mfukoni.

"Alitaka kumtupa mbali, akamhurumia," alisema Gratien. "Amefanya vizuri."

Sifuri ya pili. Kaliza alikuwa amezoea kusoma maandishi ya madaktari hata yakiwa yamegeuzwa juu chini, akaiona.

Wa tatu ulikuwa kuuma risasi. Hapo Gratien alimgeukia Kaliza badala ya daktari.

"Dada, hebu mwulize huyu daktari kwa nini mtu aume risasi. Miye nimekimbia vita mara mbili. Nimeona risasi zikifanya mengi, lakini sijaona mtu akiitia mdomoni. Huyo hana akili."

Kaliza alitafsiri yote, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi. Daktari aliandika sentensi ndefu kidogo. Kaliza aliisoma: mgonjwa hawezi kuvuka kutoka kwenye kitu kwenda kwenye wazo, fikra zake zimeganda kwenye vitu vyenyewe. Chini yake palikuwa na kisanduku cha mapendekezo, na kalamu ya daktari ilikuwa inakielekea.

Gratien hakujua Kiingereza, lakini alijua kusoma uso. Alinyoosha mgongo kwenye kiti. "Nimekosea?" aliuliza taratibu.

Ndege ilikuwa inashuka uwanjani Kanombe. Wote wanne wakanyamaza wakisubiri ipite, na katika kimya kile Kaliza alimkumbuka yule mzee wa Singida na swali lake la asali. Yule mzee hakuwa na kasoro yoyote kichwani. Alikuwa amepewa ndoo, akauliza kilichomo ndani ya ndoo. Aliyekosea ni mkalimani. Na sasa, baada ya miaka minane, alikuwa anafanya kosa lile lile, tofauti ikiwa kwamba safari hii hakuna aliyecheka, na atakayelipia ni huyu mwanamume mwenye mikono mipana aliyeketi mbele yake.

Ndege ilipita.

"Daktari," alisema kwa Kiingereza, "naomba ruhusa niseme kama Kaliza, si kama mkalimani."

Daktari Frederick aliinua macho. Umuhoza naye akaacha kuandika.

"Misemo hii ilizaliwa kwenu," alisema Kaliza. "Nimeifikisha kwake kwa maneno ya Kiswahili, lakini maneno ndiyo yaliyofika, misemo imebaki kule. Hujapima akili yake. Umepima kama alizaliwa Uingereza."

"Ni kipimo cha kawaida," alisema daktari, bila ukali. "Kinatumika mahali pengi."

"Nakuamini. Basi naomba dakika tano nikupime wewe kwa misemo ya kwetu. Ukiipata, nitanyamaza na utaandika unachotaka."

Kaliza mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake ilivyotulia. Daktari alitazama saa ya ukutani, akamtazama Gratien, akaweka kalamu mezani.

"Haya," alisema.

Kaliza aligeuka kwanza kwa Gratien na kumweleza kwa Kiswahili kinachotokea, maana si adabu kumzungumzia mtu akiwa amekaa hapo hapo. Gratien akakunja mikono kifuani, akiwa na hamu ya kuona.

"Mtu amekula chumvi nyingi," Kaliza alimwambia daktari. "Maana yake nini?"

"Yuko hatarini kupata shinikizo la damu," alijibu daktari mara moja. "Ningempima leo leo."

"Mtu ana mkono wa birika."

Daktari alifikiri kidogo. "Mkono umepinda. Pengine mfupa ulivunjika utotoni ukaunga vibaya."

"Kijana amepata jiko."

"Amenunua jiko. Au amepewa zawadi."

"Baba wa nyumba amemwaga unga."

"Hiyo inanipa wasiwasi," alisema Daktari Frederick. "Mikono inatetemeka. Ningeangalia mishipa ya fahamu."

Umuhoza alikuwa ameziba mdomo kwa faili. Kiswahili chake cha sokoni kilimtosha kabisa kwa hayo.

"Daktari," alisema Kaliza, "umepata sifuri kati ya nne."

Kisha Kaliza akamrudia Gratien, akamtajia misemo ile ile minne, polepole, huku akimtafsiria daktari kila jibu kama lilivyotoka.

Kula chumvi nyingi, alisema Gratien, ni kuishi miaka mingi. Mtu hali chumvi kwa kilo, anakula punje punje. Ukiona amekula nyingi ujue ameamka asubuhi nyingi. Mkono wa birika ni uchoyo. "Litazame birika, Daktari. Mkono wake umejikunja unarudi kwenye tumbo lake mwenyewe. Haujanyooka kumpa mtu." Kupata jiko ni kuoa. "Zamani jiko lilikuwa la mke. Siku hizi kwangu Jumapili napika miye, na Iteka anakaa, lakini tunaendelea kusema hivyo hivyo."

Alipofika kwenye unga alitazama viganja vyake.

"Kumwaga unga ni kupoteza kazi," alisema mwishoni. "Unga ndio chakula cha nyumba. Ukiumwaga, watoto wanakutazama. Hiyo siwezi kuisahau hata nikianguka pikipiki mara kumi. Ndiyo imenileta hapa, dada. Mwambie sitaki kuumwaga."

Kaliza alimwambia.

Daktari Frederick alikuwa amevua miwani. Aliitazama fomu yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ramani akagundua kwamba tangu asubuhi ameishika juu chini.

"Nimetumia ukurasa huu miaka kumi na minne," alisema. "Katika nchi tano." Kaliza aliona kwamba alikuwa anahesabu nyuso za wagonjwa aliowapa sifuri.

Kisha akafanya jambo ambalo Kaliza hakulitarajia. Aliomba waanze upya. "Mwambie misemo yangu ilikotoka," alisema. "Usimwambie maana. Chimbuko tu. Tuone atafika wapi."

Hapo ndipo miaka minane ya kusaka ilipopata kazi. Kaliza alisogeza kiti karibu na Gratien, wakakaa kama watu wanaopiga soga.

"Kaka Gratien, kwao kuna baridi kiasi kwamba mto mzima unaganda unakuwa jiwe. Meli haziwezi kupita. Bidhaa zinakaa, watu wa ng'ambo hii hawafikiani na wa ng'ambo ile. Basi hutangulizwa chombo kimoja chenye nguvu, kinapasua ile barafu, na wengine wanafuata nyuma yake. Sasa wanasema, fulani amevunja barafu."

Gratien hakuchukua hata nusu dakika. "Watu wamekaa kimya, hawajuani, kila mtu anaona haya," alisema. "Anatokea mmoja anaongea kwanza, labda anatania, na wengine wanapata njia. Kama siku ya kwanza ukweni."

Daktari alicheka aliposikia habari za ukweni. Kaliza akaendelea na paka: kwamba inasimuliwa kuwa sokoni kule zamani mjanja angekuuzia mtoto wa nguruwe ndani ya gunia, kumbe ametia paka, na gunia likifunguliwa ujanja wote unaonekana.

"Ni kutoboa siri," alisema Gratien. "Hilo gunia hata sokoni Nyabugogo lipo, ila huko wanakuuzia simu, ukifungua unakuta sabuni."

Na risasi: kwamba wanasema askari aliyejeruhiwa vitani, enzi ambazo hapakuwa na dawa ya ganzi, alipewa risasi aiume wakati anapasuliwa, ili asipige kelele wala asijing'ate ulimi.

Safari hii Gratien hakutania. "Ni kuvumilia kitu kinachouma kwa sababu lazima kifanyike," alisema. "Basi Iteka ameuma risasi siku nne pale hospitali."

Umuhoza alishusha faili. Daktari Frederick akachukua kalamu, akakata sifuri tatu kwa mistari mitatu mizito, na ile sentensi ndefu akaikata neno baada ya neno hadi haikusomeka.

"Muulize," alisema, "kama anao msemo wa kazini kwake. Ambao mimi wala wewe hatuujui."

Gratien alipoulizwa macho yake yalibadilika. Kaliza aliona mwanamume aliyekuwa amejibana kwenye kiti tangu asubuhi akijaa kiti chote.

"Kule juu," alisema, "tukimwona mtu fulani tunasema: huyu hana mawe ya nyuma. Mwambie daktari ajaribu. Lakini kwanza umwambie kreni ilivyo, nisimwonee. Mkono wa mbele ni mrefu, ndio unaobeba mzigo. Mkono wa nyuma ni mfupi, na huko tunapachika mawe mazito ya zege. Hayafanyi kazi yoyote ambayo mtu wa chini anaiona. Hayapandi, hayashuki. Kazi yake ni kukaa tu."

Kaliza alieleza. Daktari Frederick alisimama, akaenda dirishani. Kwa mbali, upande wa Remera, kreni moja ya njano ilikuwa inazunguka polepole juu ya jengo ambalo halijaisha. Aliitazama kwa muda, midomo ikicheza kama ya mwanafunzi.

"Bila yale mawe, akiinua mzigo anaanguka kifudifudi," alisema polepole. "Basi ni mtu anayebeba makubwa, anaahidi makubwa, lakini hana kitu cha kumshikilia. Hana kiasi. Hana... watu nyuma yake?"

Kaliza alitafsiri. Gratien aliinuka, akamfuata dirishani na kumpa mkono.

"Mwambie amepasi," alisema. "Mwambie na yeye akili yake iko sawa. Ninaweza kumwandikia karatasi akitaka."

Walicheka wote, na Iteka alichungulia mlangoni akiwa bado ameshika koti, uso umejaa maswali. Gratien hakumweleza kitu. Alimvuta tu ndani, akamwambia asalimie. Daktari alimsalimia kwa mikono miwili, kisha akaketi na kuandika mapendekezo yake mbele yao, huku Kaliza akisoma kwa sauti kila mstari kwa Kiswahili. Kumbukumbu nzuri. Mikono imara. Fikra pana, nyepesi, zenye ucheshi. Anaweza kurudi kazini mwake mara moja. Iteka aliomba mstari wa mwisho usomwe tena. Kaliza aliusoma mara tatu.

Mchana huo Viateur alimwita ofisini. Kaliza aliingia akiwa amejiandaa kugombezwa, na hakuwa na nia ya kuomba msamaha.

"Naambiwa leo bomba imeongea," alisema Viateur.

"Imeongea, bosi."

Viateur alimsukumia karatasi mezani. Ilikuwa na mwandiko wa Daktari Frederick: kuanzia wiki ile ukurasa wa mwisho wa fomu hautatumika tena pale kliniki, na anaomba Kaliza aongoze kazi ya kuandaa ukurasa mpya kwa Kiswahili na Kinyarwanda, misemo ichukuliwe kwa watu wenyewe, jina la Kaliza liandikwe juu, na la daktari chini yake.

"Juu," alisema Viateur, akigonga kidole pale. "Mimi nilisoma mara mbili. Yeye chini, wewe juu." Kisha akaacha Kiswahili chake, akamwambia kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayezungumza na dada yake, kwamba mama yake mwenyewe aliwahi kuulizwa maswali kama yale, miaka mingi iliyopita, akarudi nyumbani akijiona mjinga mpaka alipokufa. Halafu akainuka, akamfungulia mlango.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, Kaliza aliomba ruhusa ya saa moja. Iteka alimpokea kwenye lango la ujenzi, amevaa kitenge kipya, akamshika mkono wakasimama pamoja nje ya uzio. Mafundi walikuwa wamepanga mstari kuanzia lango mpaka chini ya mnara, na Gratien alipopita katikati yao kila mmoja alimpigapiga begani. Alijifunga mkanda wa usalama. Akashika ngazi. Alipanda bila haraka, akipumzika pale panapopumzikwa, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, hadi akaingia kwenye kile chumba chake cha vioo juu ya Kigali yote.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ule mkono mrefu ukaanza kugeuka, laini, bila kushtuka, ukasimama sawasawa juu ya ndoo kubwa ya zege iliyokuwa ikisubiri. Ndoano ikashuka. Fundi mmoja akaifunga, akainua mkono. Mzigo ukaachana na ardhi, ukapanda wima, haukuyumba hata kidogo, ukapita ghorofa ya tano, ya sita, ya saba, na mafundi wote wakainua nyuso wakiutazama. Kule juu kabisa ukatua mahali pake taratibu, na watu wa ghorofani wakaanza kupiga makofi.

Iteka hakupiga makofi. Alikuwa amemkamata Kaliza kwa nguvu, anacheka na machozi yanamtoka, akisema tena na tena, "Umemwona? Umemwona mume wangu?"

"Nimemwona," alisema Kaliza.